Jicho la Utingo si Leseni

"Jicho la utingo si leseni." Ndivyo alivyokwambia Mzee Ponza, Twaha, na wewe umebaki umemkodolea macho kama umetukanwa. Hukutukanwa. Umeambiwa kweli. Tangu umekabidhiwa hilo sufuria la pilau unaniuliza mimi: Bibi, vitunguu vimeiva? Unamuuliza dada yako: Shufaa, vimeiva? Mpaka jirani wa watu anayejipitia na ndoo yake ya maji naye umemuuliza. Ndiyo akakujibu vile. Haya, vuta kigoda, shika mwiko, koroga. Nawe Shufaa twanga hicho kitunguu saumu, masikio hayatwangi. Mnataka kujua maneno hayo yalianzaje? Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapo chini, kwenye bekari ya Bi Mashavu, nami nilikuwepo, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Chanzo chake ni hiki.

Bi Mashavu alikuwa na tanuri kubwa, sisi wanawake wa kukanda, na gari moja kuukuu la kusambazia mikate. Gari lenyewe tuliliita Subira, maana halikuwaka mpaka lisukumwe. Dereva wake alikuwa Mzee Shekuwe, mtu mpole, lakini mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumwingia. Akasema mwenyewe, "Mashavu, mikate naijua kwa harufu, ila barabara haina harufu. Tafuta mwingine kabla sijaua mtu."

Mwingine alikuwa Hoza. Hoza alikuwa kijana wa kubeba kreti za mikate, ametoka huko juu milimani, mchapakazi, hana maneno. Bi Mashavu akamwita mbele yetu sote. "Hoza, jifunze kuendesha. Ukipata leseni, funguo za Subira ni zako. Usipopata, nitamleta dereva kutoka Muheza, na wewe utabeba kreti mpaka uote mvi." Hoza alitetemeka kwa furaha. Habari zikapanda milimani siku ileile, na mama yake, bila kungoja, akafunga mbuzi wa kumpongeza.

Sasa kwenye gari lile kulikuwa na utingo, jina lake Sechambo. Utingo ndiye msaidizi wa dereva: hupakia, hushusha, na gari likirudi nyuma husimama kule nyuma akapiga kelele. Na Sechambo kelele alijaliwa! Alikuwa na fulana moja nyekundu na sauti ya watu saba. Kwa kuwa Mzee Shekuwe haoni vizuri, Sechambo alikuwa ameshazoea kuona kwa niaba yake. "Kushoto kuna baiskeli! Punguza, kuna bata! Njoo, njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo!" Na walikuwa na alama zao. Sechambo akipiga bodi kofi moja, maana yake simama. Akipiga mawili, pa pa, maana yake nenda. Mzee Shekuwe hakuuliza, hakugeuka. Akisikia pa pa, anaondoka.

Na huko ndiko Hoza alikojifunzia. Mwalimu wake haoni, utingo wake anaona kupita kiasi, yeye katikati anazungusha usukani tu. Akaendesha vizuri, msifikiri utani! Anapita vichochoroni, anarudi nyuma mpaka mlangoni kwa mwenye duka, hagusi hata kizingiti. Sisi tukampigia vigelegele. Kumbe aliyekuwa akiendesha ni Sechambo kwa mdomo. Kile kioo cha upande wa dereva Hoza alikuwa amekigeuza kimtazame yeye mwenyewe, akipata nafasi achane nywele.

Siku ya mtihani ikafika. Bekari nzima tulikwenda, tukapanga mstari kwenye ukuta wa uwanja wa majaribio. Unga tuliuacha kwenye beseni bila mtu. Mtahini alikuwa Afande Matiku, mtu wa Musoma, mnene, maneno yake ya kuhesabu. Akapanda akakaa kiti cha utingo. Sechambo alipotaka kuning'inia nyuma kama kawaida yake, afande akamwambia, "Wewe shuka. Nimekuja kumpima mmoja."

Tukalisukuma Subira, likawaka. Dirisha lilikuwa wazi, kila kitu tulisikia.

"Haya, ondoka," akasema afande.

Gari linanguruma, Hoza ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele.

"Kijana, nimesema ondoka."

"Ndiyo, afande. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Kugongewa."

"Kugongewa na nani?"

"Na utingo, afande."

"Utingo yuko wapi?"

"Si umemshusha wewe, afande."

Afande Matiku akajifuta jasho. Akatazama huku, akatazama kule, akaona kile kioo. "Na hicho kioo mbona kinakutazama wewe?"

"Ni cha kuchania, afande."

Toba! Mimi nilijiziba uso kwa kanga. Sechambo ukutani anapiga hewa makofi mawili mawili, lakini hewa haina bodi. Mwishowe afande mwenyewe, kwa kuchoka, akagonga mlango mara mbili. Hoza huyo! Akaondoka kama bwana harusi, akazunguka uwanja, akapinda kushoto, akapinda kulia, safi kabisa. Tukaanza kushangilia. Nikasema moyoni, mbuzi amekwisha.

Ikaja kurudi nyuma. Yalipangwa mapipa matupu mistari miwili, gari lipite katikati lisiguse hata moja. Hoza akatia gia, akatega sikio. Hakutazama nyuma, hakutazama pembeni. Alitega sikio! Na kwa bahati yake mbaya, upande wa pili wa ukuta kulikuwa na watu wanahama nyumba, wamebeba kabati. Mmoja wao akapaza sauti, "Njoo, njoo, njoo! Lete, usiogope, pana nafasi!"

Uso wa Hoza ukang'aa. Akaja.

"Kata kushoto!" akasema yule wa kabati. Hoza akakata kushoto, pipa la kwanza likaenda chini. "Tena, tena, usisite!" Hoza hakusita, pipa la pili likamfuata mwenzake. Askari kijana aliyekuwa akiangalia mapipa akakimbia, akapiga bodi kwa nguvu zake zote, pa, pa! Kwa watu wengine wote duniani hiyo ni simama. Kwa Hoza ni nenda. Akakanyaga mafuta. Mapipa yakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, sisi ukutani tunapiga mayowe, Subira likapanda kwenye lundo la mchanga wa mafundi, matako juu. Ndipo yule wa kabati akasema, "Hapo hapo! Tua polepole!"

Hoza akavuta breki ya mkono. Akamgeukia afande, meno yote nje. "Nimefika, afande."

"Umefika wapi, kijana?"

Ndipo Hoza akageuka nyuma kwa mara ya kwanza. Meno yakarudi ndani.

Afande Matiku hakumfokea. Alishuka, akajipangusa suruali, akanyoosha kidole ukutani kwetu. "Mimi natoa leseni kwa mwenye macho. Macho yako yako pale, yamevaa fulana nyekundu. Nenda ukayachukue, kisha urudi."

Tulirudi bekari. Unga ulikuwa umeumuka mpaka ukamwagika sakafuni. Hoza aliketi juu ya magunia akalia, mtu mzima na ndevu zake. Alikwisha kuliona gari ni lake, sasa anaona kreti mpaka uzeeni. Huko milimani aliyefurahi ni mbuzi peke yake. Bi Mashavu akamwambia, "Nakupa mara moja zaidi. Ukianguka tena nisikuone ukinililia. Nampigia mtu wa Muheza."

Sechambo akamshika bega. "Usijali, ndugu yangu. Safari hii nitasimama karibu zaidi."

"Weee!" Mzee Shekuwe akasimama, na mzee yule sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Karibu zaidi? Wewe ndiye maradhi yenyewe! Na mimi ndiye niliyemwambukiza. Kuanzia kesho, Sechambo, utakwenda na maji mdomoni."

Tukadhani ni mafumbo. Hayakuwa mafumbo. Asubuhi kabla ya kuondoka, Mzee Shekuwe alimjazia Sechambo kikombe cha maji, akamwamuru ayashike mdomoni njia nzima, mikono juu ya magoti. Akiyameza au akiyatema, anashuka na kurudi kwa miguu. Kile kioo cha kuchania kikageuzwa kitazame nyuma. Alaa! Mngemwona Sechambo! Mashavu yamevimba, macho yamemtoka, kila akiona bata barabarani anarukaruka kitini. Na Hoza siku za mwanzo alitia aibu. Aliparuza ua wa watu, alikanyaga beseni la muuza dagaa, akaliminya kreti moja la mikate hadi ikawa chapati. Siku moja ng'ombe alitokea ghafla, Sechambo akashindwa, maji yote akayapulizia kwenye kioo cha mbele. Alirudi kwa miguu, tena kwenye jua. Lakini ng'ombe yule Hoza alikwisha kumwona mwenyewe. Mguu ulikuwa tayari kwenye breki.

Basi tukarudi uwanjani. Ukuta uleule, afande yuleyule. Bi Mashavu hakutaka kutazama, alishika tasbihi akageukia ukutani. Sechambo alizuiwa asipite kamba. Hoza, alipoambiwa ondoka, alitazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akaondoka. Hakuna aliyemgongea. Alizunguka kote salama. Yakabaki mapipa.

Akatia gia ya kurudi nyuma. Akatazama. Akatulia. Sisi tunangoja, gari haliendi. Nikaona jasho linamtiririka shingoni. Mioyo yetu ilikuwa mdomoni, na Sechambo mwenzetu safari hii hakuwa na maji yake. Aliruka kamba! Akakimbia mpaka ubavuni mwa gari, na sauti yake ile ya watu saba: "Njoo, njoo, njoo! Kweupe nyuma, ndugu yangu, kweupeee!" Akapiga bodi. Pa, pa!

Subira halikwenda.

Pa, pa! Sechambo akapiga tena, karibu avunje mkono.

Halikwenda. Afande Matiku akamtazama Hoza. "Mwenzako anakugongea. Anasema kweupe."

"Nimemsikia, afande."

"Mbona huendi?"

"Yeye ameona. Mimi sijaona." Kisha Hoza akasema yale maneno, polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Afande, jicho la utingo si leseni."

Afande akafungua mlango akashuka. Sote tukamfuata nyuma ya gari. Na pale, upande ambao Sechambo hawezi kuuona, alikuwa amechuchumaa Mzee Kaniki muuza kahawa, na birika lake na jiko lake la mkaa, anamimina kikombe taratibu kwa mteja. Kofia yake tu ndiyo ilichungulia kwenye kioo cha Hoza. Mzee wa watu alikuwa kiziwi. Zile kelele zote na yale makofi yote hakusikia hata moja. Alipotuona tumemzunguka umati mzima akasema, "Ngojeni jamani, vikombe havitoshi."

Sechambo akakaa chini palepale. Makofi yake mawili yangemuua mtu, na alilijua hilo. Alilia kuliko Hoza siku ile ya mchanga. Mzee Kaniki akahamishwa na birika lake, Hoza akapanda tena, akarudi nyuma katikati ya mapipa kimya kimya. Pipa hata moja halikutikisika.

Afande Matiku alinunua kahawa, akanywa yote, ndipo akasema, "Huyu sasa ana macho." Bi Mashavu alimrushia Hoza funguo, tasbihi ikaruka pamoja nazo. Mbuzi, Mungu amrehemu, alisafiri jioni ile.

Kuanzia hapo maneno yakatoka uwanjani yakaingia sokoni. Mwanafunzi akichungulia daftari la mwenzake, anaambiwa. Bwana akioa kwa kusifiwa mke na mashangazi tu, anaambiwa. Na Sechambo je? Aliendelea kuwa utingo wa Hoza miaka yote, na kelele zake zilimsaidia sana Hoza. Lakini Hoza alikuwa akizisikia, kisha anatazama. Hiyo si dharau, wanangu. Mwenzako atakuonesha, lakini wa kuulizwa pipa likianguka ni wewe uliyeshika usukani.

"Bibi..."

Nini, Twaha?

"Shufaa anasema vimeiva, nitie nyama."

Shufaa yuko wapi na sufuria liko wapi? Hebu funua. Haya, wewe umeona nini?

"Vya pembeni vyekundu. Vya katikati bado vyeupe. Bado, Bibi. Nitakoroga kidogo tena."

Ewaa! Shufaa, usinune, twanga. Umemsikia mdogo wako? Jicho la utingo si leseni.