Mshipa Mzima

Tegeni masikio, mliokaa na mliosimama, maana kesi hii imenishinda na leo naitua kwenu.

Walikuwepo watu watatu Mwanza. Mzee Lutonja, mchinjaji aliyeiletea maabara mishipa, alijua kuutoa mshipa mkubwa wa damu kifuani mwa ng'ombe bila kuutoboa. Nyamizi, fundi wa maabara, alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Naye Profesa Kokubanza alikuwa na kichwa na subira: miaka ishirini alitafuta kwa nini mishipa ya damu ya baadhi ya wajawazito hubana, presha ikawapanda mpaka wakafa. Dada yake alikufa hivyo.

Siku moja Profesa akampigia simu mchinjaji. "Mzee wangu, leo niletee mshipa mzima." Alikusudia ulio hai bado, uliotoka kwa ng'ombe muda uleule. Mzee akaelewa usiopunguzwa kitu, akauleta na mafuta yake yote, yale ambayo siku zote aliyakwangua. Mchango wake ndio huo: alisikia vingine.

Nyamizi akautundika kwenye mashine, akautia dawa ya kubana. Haukubana. Profesa alipoyaona mafuta alifoka mbele ya wanafunzi, "Tupa uchafu huo! Miaka sita uko hapa, hujui mshipa safi?" Nyamizi hakutupa. Alijaribu mara nne, wenye mafuta haukubana, uliokwanguliwa ukabana, akaandika kila jibu, akaliweka daftari mezani kwa Profesa. Yeye mchango wake ni kukataa amri.

Profesa alipolisoma, aliagiza aletewe tena mafuta aliyoyaita uchafu. Miaka mitatu aliyachambua mafuta yale mpaka akaipata protini inayolegeza mshipa, na jeni inayoitengeneza. Bila yeye, daftari lingeliwa na mende.

Kwenye mkutano wa wanasayansi akaulizwa, "Nani aliyashuku mafuta kwanza?" Nyamizi alikuwa ameketi safu ya nyuma. Profesa akajibu, "Mimi."

Lilimtoka tu. Watu wakapiga makofi, naye akatamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo akawa anaingia kazini kwa mlango wa nyuma asikutane na Nyamizi. Profesa mzima, anajificha kama mwizi wa kuku!

Kisha ikaja barua kutoka kwa wanaosajili majina ya kisayansi: protini ile ipewe jina la aliyeigundua. Jina la mtu mmoja tu, na likishaandikwa halibadilishwi. Profesa akawaita wenzake wawili.

"Nilisema uongo mbele za watu," akawaambia. "Naona aibu hata kuwatazama. Nisameheni."

Mzee Lutonja akacheka. "Mimi nilisikia vibaya tu, mama. Ila bila sikio langu bovu, mngekuwa mnakwangua hadi leo."

Nyamizi hakucheka. "Andika la kwako, Profesa. Mimi nimeshazoea."

Kokubanza akainamisha kichwa, uso unawaka. Akiandika lake, ameurudia uongo wake kwa wino, ingawa jasho la miaka ishirini ni lake kweli. Akimwandika Nyamizi, je, anatenda haki au ananunua msamaha? Na akimwacha mzee, atamwambia nini?

Kalamu anayo mkononi, na wawili wale wanamsubiri. Haya, amueni ninyi: aandike jina la nani? Nawe uliyekwisha kupata jibu, ungeliandika huku unamtazama Nyamizi usoni?