Tundu la Bi Hondo

Niitoe, nisiitoe?

Itoe, tuisikie.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na msitu kando ya kijito. Humo waliishi Bi Hondo, ndege aina ya hondohondo, na mumewe. Nanyi mnaijua desturi ya hondohondo: mke akitaka kutaga huingia tunduni mwa mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo, mume akamlisha kupitia upenyo mwembamba.

Ukaja mwaka wa njaa. Tembo akala maganda ya miti. Nungunungu akatafuna mizizi. Nyani akavunja matawi. Hakuna aliyetaka kuumaliza msitu; kila mmoja alikuwa na tumbo lake. Miti ikafa, ikaanguka. Kijito nacho kikakauka.

Bi Hondo akataga kwenye ufa wa mwamba; jua likayapika mayai. Mwaka wa pili akataga kwenye kichuguu, siafu wakayala. Mwaka wa tatu hakutaga. Alikaa tu juu ya jiwe.

“Mke wangu, unawaza nini?”

“Giza la ndani ya mti. Na mdomo wako ukigonga mlangoni, ko, ko, ko. Nimechoka na mwanga huu.”

Basi akaruka kutwa nzima hadi msitu wa mbali, akameza zambarau, akarudi akazitema mbegu kando ya kijito. Akawaita wenzake. Tembo akachimba, Nungunungu akafukia, Nyani akaleta maji kutoka mbali ya kumwagia.

Asubuhi wakakuta mbegu zimefukuliwa.

“Ni mimi, bibi,” akasema Nyani. “Nilitaka kuona kama zimeota.”

Wakafukia. Akafukua. Wakafukia tena. Akafukua tena.

“Wewe Nyani,” akasema Tembo, “ukipikiwa wali utaula mchele.”

Bi Hondo hakumkaripia. Kungoja alikujua. “Njoo ukae nami, mjukuu wangu. Na mikono yako uikalie.”

Wakakaa, siku baada ya siku, hadi miche ikatokeza.

Miaka ikapita. Kivuli kikarudi, udongo ukashika maji, kijito kikatiririka. Kila mwaka Bi Hondo alikwenda kuyagonga mashina kwa mdomo.

“Tundu lipo, bibi?” Nyani akauliza.

“Bado. Ni mbao tupu.”

“Basi ulipanda bure?”

Bi Hondo akaegemea shina. “Mti nilioanguliwa ndani yake, mjukuu wangu, mimi sikuupanda.”

Akafa mashina yakiwa bado mazima.

Siku nyingi baadaye, upepo ulivunja tawi la mzambarau mmoja. Palipovunjika pakaoza, pakawa tundu. Hondohondo mmoja kijana, asiyewahi kusikia habari za Bi Hondo, akaingia. Mumewe akaziba mlango. Akataga mayai matatu, na yote matatu yakaanguliwa.

Funzo lake ni hili: apandaye mti asiulize atafaidi nani. Na mpande wengi pamoja, maana kungoja peke yako kunachosha.

Mzigo wangu nautua hapa. Mwenye bega aubebe.