Aliyelisafisha Soko la Kibuyuni

Hapo Kibuyuni palikuwa na muuza vitumbua mmoja, Semeni, mwenye maneno. Mgambo walipobomoa vibanda vya soko bila notisi wala aibu, wenzake walilia. Yeye akaishtaki halmashauri kwa kuvunja haki zao. Akishindwa, hana tena pa kukaangia.

Kortini, Meya Nkwabulo alipanda kizimbani na suti inayong'aa.

"Halmashauri haikubomoa kitu. Labda ni upepo."

Mawakili wake wakatikisa vichwa kwa heshima ya upepo huo. Semeni, asiye na wakili, akasimama kumhoji.

"Nisamehe, baba, nimekusingizia. Kumbe wanaomsifu Diwani Chilumba wanasema kweli."

"Wanamsifu kwa lipi?"

"Kwamba ndiye aliyelisafisha soko. Wenye maduka makubwa wamefurahi mno, wanataka umeya apewe yeye."

Meya akashika ukingo wa kizimba. "Chilumba? Yule mvivu?"

"Mchapakazi, baba! Wanasema alisimama mbele ya tingatinga kama jemadari."

"Waongo wakubwa! Amri nilitoa mimi! Tingatinga nililisimamia mimi, mpaka kibanda cha mwisho! Chilumba alikuwa kwake amelala!"

Mawakili wakainama kutafuta kitu chini ya meza. Jaji akamaliza kuandika, akamgeukia Semeni.

"Una swali jingine?"

"Sina, Mheshimiwa Jaji. Na mashahidi wangu walioko nje, waambieni wasiingie tena. Waende wakajenge vibanda."