Fundi Remigi na Blanketi

Mfunika homa huipika. Leo mmemsikia jirani akimwambia binti yake hivyo, binti akamvua mtoto sweta bila ubishi, nanyi mkaja mbio kuniuliza kama yule mama anazungumzia homa au maharage. Anazungumzia homa, wajukuu zangu. Na msitafute msemo huu kwa wahenga wa kale. Umezaliwa hapa hapa Mkasu, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na aliyepata uchungu wa kuuzaa alikuwa mwanamume. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na fundi mashine aliyeitwa Remigi. Mashine yake ilikuwa kando ya barabara, na zahanati ilikuwa mbele kidogo, kwa hiyo hukuweza kumpeleka mgonjwa kwa Nesi Stumai bila kumpita Remigi kwanza. Na kumpita Remigi kulikuwa na ushuru wake. Mtu yule alikuwa na mdomo! Injini inanguruma, pumba zimemjaa kwenye nyusi utadhani ana miaka tisini, na bado sauti yake inasikika ng'ambo ya mto.

Aliyetozwa ushuru mkubwa zaidi ni Mwahija, jirani yake, ambaye pia alikuwa mtani wake, maana makabila yao yanataniana tangu enzi za mababu. Mnaijua sheria ya utani: mtani hakasiriki, husubiri zamu yake. Mwahija alikuwa na mtoto mdogo, na mtoto akichemka jioni, alfajiri mama yuko barabarani naye mgongoni.

"Mama Kipimo!" Remigi huita. "Leo kapiga chafya ngapi? Mwambie Stumai akukatie kiwanja hapo hapo zahanati, ujenge!"

"Cheka tu, mtani," Mwahija hujibu bila kusimama. "Mdomo wako ungekoboa mpunga, tusingehitaji dizeli."

Waliokaa juu ya magunia yao wakisubiri foleni walikuwa hoi kwa kicheko. Tuliocheka tulikuwa wengi, na mmoja wetu ndiye huyu anayewasimulia. Jina la Mama Kipimo likamganda Mwahija kama tope la jaruba la mpunga. Kisha kina mama wenye wagonjwa wakaanza kuadimika barabarani, na Remigi akajipiga kifua. "Mnaona? Nimewatibu watoto wa kijiji kizima kwa maneno tu."

Basi mwaka huo mkewe, Yasinta, akaletewa habari kwamba mama yake ameanguka na hali si nzuri. Ilimbidi asafiri siku nne. Mtoto wao, Kalista, alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ameshaachishwa ziwa, akabaki na baba. Yasinta alimwagiza mumewe akiwa na mkoba begani.

"Baba Kalista, akichemka mpunguze nguo. Mpe maji na uji, kidogo kidogo. Na siku hiyo hiyo mpeleke kwa Stumai akapimwe, usingoje nirudi."

"Nenda, mke wangu. Mtoto wa fundi hachemki. Kinachochemka hapa ni injini."

Yasinta aliondoka Jumatatu. Jumanne asubuhi Remigi alimshika Kalista shavu akaondoa mkono upesi, kana kwamba amegusa bomba la moshi la mashine yake. Lakini kitu cha kwanza kilichomjia kichwani hakikuwa homa. Kilikuwa barabara: magunia, macho ya watu, na Mwahija amekaa pale juu, zamu yake imefika. Fundi Remigi, leo umekuja kuhesabu chafya?

Akaenda kwenye mashine kabla watu hawajafika, akachukua chaki akaandika mlangoni: MKANDA UMEKATIKA. Mkanda ulikuwa mzima kabisa. Akarudi nyumbani, akajifungia na mwanawe.

Alikumbuka utotoni walivyokuwa wakifunikwa hadi watiririke. Jasho likitoka, homa imetoka, ndivyo walivyoambiwa. Basi akamvika Kalista sweta na kofia ya sufu, akamzungushia kitenge, na juu ya yote akamtupia blanketi. Kisha akachukua kimoja cha vidonge vyake mwenyewe vya homa na maumivu, alivyokuwa akimeza mgongo ukimuuma, akakisaga chote kijikoni na sukari, akamnywesha. Baada ya saa moja mtoto alipoa kidogo, akaomba maji. Remigi akacheka peke yake. "Kumbe unesi wenyewe ndio huu!"

Mchana homa ikarudi. Akaongeza kidonge, akaongeza na shuka. Jumatano yakawa yale yale, kidonge asubuhi na kidonge mchana. Saa kumi mlango ukagongwa. Remigi akaufungua kiasi cha kupitisha pua. Alikuwa Mwahija.

"Mtani, mkanda huo utapona lini? Nina gunia zima la mpunga na mchele umeisha."

"Kesho."

Ndani, Kalista akalia kilio chembamba.

"Mtoto hajambo?"

"Mzima kabisa. Ana usingizi tu."

Mwahija alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaondoka bila utani wowote. Remigi alirudi kitandani akakaa karibu na blanketi, na kwa mara ya kwanza akajiona mwizi ndani ya nyumba yake.

Alhamisi Kalista hakulia. Hilo ndilo lililomtisha baba yake. Alimpa maji, yakatoka. Alimpa uji, ukatoka. Alimwinua, shingo ikalegea kama ya kifaranga, macho yamefumbuka nusu na hayamwoni. Hapo Remigi akajua kwamba hana ujanja. Lakini aibu ni ugonjwa unaochelewa kufa. Alimviringisha mtoto ndani ya blanketi mpaka akaonekana mzigo tu, na badala ya barabara akashika tuta la nyuma, katikati ya majaruba, mahali ambapo yeye alijua hapapiti mtu.

Alitegemea kukuta nyasi za magotini. Akakuta njia. Ilikuwa imekanyagwa ikalainika na kung'aa, na kando yake palikuwa na soksi moja ndogo iliyokauka na tope. Njia ile haikwenda kisimani wala mashambani. Ilitoka kwenye nyumba za watu, ikaizunguka mashine kwa mbali, ikavuka mfereji wa maji hadi magotini, ikatokea nyuma ya zahanati. Ilikuwa mara mbili ya urefu wa barabara. Remigi alisimama akiitazama. Wale kina mama alioamini amewatibu kwa maneno walikuwa wakipita huku, na watoto wao wanaowaka migongoni, ili wasipite mbele ya mdomo wake.

Hakupata hata nafasi ya kuinamisha kichwa. Mzigo mikononi mwake ulikakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Kalista alikuwa ameshikwa na degedege.

Remigi alipiga yowe. Mwahija alikuwa katika jaruba lake akifukuza ndege, akaja akirusha maji. Alimkuta Remigi amepiga magoti, anasukuma kidole katikati ya meno ya mtoto.

"Toa kidole! Usimtie kitu mdomoni! Mlaze ubavu!"

Mwahija alivuta blanketi akalitupa. Akavua kitenge, akavua kofia, akavua sweta lililolowa chapachapa. Akamshikilia Kalista kwa ubavu hadi mtikisiko ulipopungua. Kisha akambeba, wala hakufuata tuta. Alikata moja kwa moja hadi barabarani, akapita mbele ya mashine, mbele ya watu waliokaa juu ya magunia wakingoja mkanda. Remigi alimfuata mbio, mikono mitupu. Hakuna aliyecheka. Hata ng'ombe wa mkokoteni walionekana kumtazama.

Nesi Stumai alimpokea mtoto, akamtoboa kidole, akaweka damu kwenye kipimo, akamtilia sukari chini ya ulimi. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi nje kina mama walikuwa wamejaa.

"Homa imeanza lini?"

"Leo," Remigi akasema. "Leo asubuhi."

"Umempa dawa yoyote?"

"Hapana."

Stumai aligeukia kabati, akatoa dawa ya kushusha homa, ile inayowekwa njia ya haja kubwa kwa mtoto asiyeweza kumeza. Remigi akamtazama Mwahija, akitumaini apate walau dhihaka moja, neno lolote la utani la kumkinga. Mwahija alikuwa amenyamaza. Mtani akinyamaza, jueni jambo limevuka mpaka wa utani.

"Nesi, ngoja."

"Ningoje nini, baba? Huyu hana muda."

"Si leo. Ni tangu Jumanne. Na nimempa vidonge. Vyangu, vya homa na maumivu."

Mkono wa Stumai ukasimama. "Nusu nusu?"

"Vizima."

"Vingapi?"

Remigi akainua vidole.

"Sema kwa mdomo, nataka kuandika."

"Vinne."

Stumai aliirudisha ile dawa kabatini taratibu. "Dawa ni hiyo hiyo uliyompa. Ningemwongezea, ini lake ningelimaliza mimi kwa mkono wangu. Dozi ya mtoto hufuata kilo zake, Remigi, si mgongo wa baba yake. Mbona hukuja? Kutoka kwenye mashine hadi hapa naweza kukurushia jiwe."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Remigi akageuka kuelekea benchi. "Ya hawa."

Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mapajani na matope hadi magotini, akauliza, wala hakuuliza kwa hasira: "Kumbe hata wewe?"

Kipimo kilisema malaria. Kalista alichomwa sindano ya kwanza pale pale, akaandikiwa barua yenye zile siku tatu na vile vidonge vinne, na gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya wilaya. Alilazwa siku kumi na moja. Alipona, ingawa alijifunza kutembea upya, miguu inapishana kama ya ndama. Yasinta alipofika hospitalini hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nilikuagiza nini?" Remigi akayarudia maagizo yote, neno kwa neno, bila kukosea hata moja. Hapo ndipo alipolia. Alikuwa ameyasikia vizuri sana.

Mashine ikafunguliwa tena. Remigi alikoboa kimya, akiingoja zamu ya mtani wake. Wiki zikapita. Mwahija analeta gunia lake, anachukua mchele wake, anaaga. Mwisho Remigi hakustahimili. Siku moja watu wamejaa, akazima injini.

"Mtani, nitanie basi. Hapa, mbele ya watu. Nimekuita Mama Kipimo mwaka mzima. Chukua haki yako."

Mwahija alikuwa akifunga gunia. "Kina mama wanavuka mfereji mpaka leo, Remigi. Wewe unataka tucheke ili upone wewe."

"Sasa nifanye nini?"

"Wakipita, nyamaza. Ukishindwa kunyamaza, na mdomo wako naujua, basi waambie ulichofanya." Akajitwisha gunia, akapiga hatua mbili, akageuka. "Mfunika homa huipika, mtani. Utani wangu ndio huo, na usinijibu."

Hakumjibu. Lakini kesho yake mama mmoja alitokea barabarani na mtoto aliyefunikwa gubigubi. Alipoiona mashine akasita, akataka kurudi nyuma. Remigi akazima injini, akatoka nje na pumba zake usoni, na wote tuliokuwepo tulimsikia.

"Pita, mwanangu, pita hapa hapa. Mpunguze nguo, umwahishe kwa Stumai. Mimi nilimfunika wangu siku tatu kwa ajili ya macho ya watu, nusura nimzike. Mfunika homa huipika."