Baridi ya Mgongoni

Siku ile walikuwepo watu sita. Alikuwepo Atuganile, mama mwenye mtoto wa kunyonya, ambaye kifua kilikuwa kimembana hata neno moja alilitoa kwa shida. Alikuwepo mume wake Obadia, na Yotamu mdogo wake Obadia, na jirani yao Ambakisye mwenye mabega mapana. Alikuwepo Tusekile, dada yao Obadia na Yotamu, yaani wifi yake mgonjwa. Na alikuwepo mama yao, Bibi Enelika, aliyebaki nyumbani na mtoto. Hao ndio waliokuwepo, wapendwa, na hakuna hata mmoja aliyemchukia Atuganile. Lishikeni hilo tangu sasa, kwa sababu katika mfano huu hamtamwona mtu mbaya.

Walikaa juu kabisa mlimani, kule ambako mwezi wa sita umande unaganda kwenye majani ya viazi. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji ya masika, gari haliwezi kupanda. Hospitali iko upande wa pili wa mlima, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka jua lianze kushuka. Mgonjwa wa kule hubebwa kwa machela. Kitambaa kirefu kinafungwa ncha zake mbili kwenye mti, mgonjwa analala katikati akiwa ananing'inia, na wanaume wawili wanaupandisha mti mabegani. Wanaume wale watatu walikuwa wapokezane.

Sasa, machela waifunge kwa kitambaa gani? Safari ni ndefu na mgonjwa anatetemeka. Palikuwa na turubai zito darini, na palikuwa na shuka jipya la Bibi Enelika, la pamba, ambalo hata kulifua alikuwa hajalifua.

"Turubai ndilo lenye joto," alisema Ambakisye.

"Turubai hilo lilimbeba marehemu baba yao kwenda kaburini," alijibu Bibi Enelika. "Mkwe wangu hatalala humo angali anapumua. Chukueni shuka langu."

Wewe ungembishia? Mama wa watu anatoa shuka lake jipya, machozi yanamlengalenga! Wakafunga shuka. Atuganile akalazwa ndani, likampokea kwa ulaini, halikumbana bega wala kiuno. Bibi Enelika akamfunika blanketi la kwanza, akalichomekea shingoni kama anavyofanyiwa mtoto. Wakaondoka.

Mwanzoni palikuwa na utani. Yotamu, aliyekuwa mbele, aliguna kwa makusudi. "Shemeji, kaka yangu anakulisha nini? Gunia la viazi ni afadhali."

"Nakula... chakula chako," alisema Atuganile, na wote wakacheka, na Tusekile akacheka kuliko wote, maana alikuwa hajaisikia sauti ya wifi yake tangu juzi.

Walipofika kwenye mgongo wa mlima, ukungu uliwafunika na upepo ukaanza. Mnaujua upepo wa kule. Hauvumi juu ya vichwa tu, unapita chini, unalamba nyasi. Na machela, kumbukeni, haigusi ardhi. Inaning'inia.

"Wifi," alisema Atuganile, "nasikia baridi."

Palikuwa na nyumba moja kando ya njia. Mzee aliyekaa mlangoni aliposikia neno hilo alisimama, akavua blanketi lililokuwa mabegani mwake mwenyewe, akabaki na shati. Hakuuliza hawa ni watoto wa nani. Tusekile alimtazama yule mzee akikunja mikono kifuani kwa baridi, moyo ukamjaa.

Ambakisye alilishika lile blanketi akasema, "Tumtandikie hili chini yake."

"Chini?" Obadia alishtuka. "Blanketi la mzee wa watu tulilalie, naye anatutazama? Huku pindo zake zinaburuzika kwenye nyasi zenye umande? Tukilirudisha na matope tutasema nini?"

Na kwa watu wale ndivyo ilivyo. Nguo uliyopewa na mtu huiweki chini. Unaiweka juu, aliyekupa aione, ajue umeipokea. Basi wakaliweka juu. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia ndani.

Wakaendelea. Atuganile akasema tena, "Nasikia baridi." Wanawake waliokuwa wanavuna ngano wakaacha miundu yao, mmoja akakimbia nyumbani akaleta blanketi jekundu, mwingine akaleta uji kwenye chupa ya chai akamnywesha kijiko kwa kijiko. Blanketi jekundu likawekwa juu. Mbele kidogo Yotamu akavua koti lake, likawekwa juu. Obadia akavua sweta lake, likawekwa juu. Rundo likapanda mpaka uso wa Atuganile ukaonekana mdogo kama wa mtoto.

"Mgongo, wifi," alisema. Sasa sauti ilikuwa ya chini sana.

"Ni kulala kwa kujikunja, wifi yangu. Vumilia. Tukifika utajinyoosha." Tusekile akafungua kitenge alichojifunga kifuani, akakitandaza juu ya rundo lote, akakipapasa kwa mkono. Alijisikia vizuri moyoni. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho.

Baada ya hapo Atuganile hakulalamika tena. Wao wakafurahi. Wakasema, "Sasa amepata joto."

Walifika hospitali jua likiwa limeanza kushuka. Muuguzi alitoka mbio, akamgusa Atuganile shavuni, kisha akaupitisha mkono wake chini, kati ya shuka na upepo, akautoa upesi kama mtu aliyeungua.

"Mbona mgongo wake ni barafu?"

"Sista, tumemfunika," alisema Obadia. "Angalia mwenyewe. Njia nzima tulikuwa tunamfunika."

"Naona, baba. Mmemfunika vizuri. Lakini chini yake mlimwekea nini?"

Ambakisye aliinamisha kichwa. Chini yake palikuwa na shuka moja la pamba, jipya na zuri, na uzito wa mwili wake ulikuwa umelibana mpaka likawa jembamba kama karatasi. Njia nzima upepo ulikuwa unampiga hapo, na kila walipoongeza kitu juu, yeye alizidi kulikandamiza shuka.

Walimwingiza ndani, wakamwekea chupa za maji ya moto, wakampa dawa. Muuguzi yule hakuondoka kando yake. Kabla giza halijaingia Atuganile alikata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tusekile.

Ugonjwa ulikuwa mzito, na hakuna aliyewaambia kwamba ni baridi iliyomuua. Labda angekufa hata kama angelazwa juu ya manyoya. Lakini Tusekile alipoanza kukunja yale mablanketi nje barazani, aliingiza mkono katikati ya rundo, akakuta bado kuna joto. Joto la watu wote wa njia nzima lilikuwa pale, na halikumfikia aliyelihitaji. Hapo ndipo alipokaa chini akalia kwa sauti.

Sasa nawauliza ninyi mlioketi hapa. Nani alikosa? Mzee aliyebaki na shati? Wanawake walioacha ngano yao? Tusekile? Mimi siwezi kumnyooshea kidole hata mmoja. Walitoa, na walitoa kwa kujinyima. Lakini mwanamke yule alisema anasikia baridi, tena akasema, akataja mpaka mahali, na katika watu wote wale wema hakutokea wa kumuuliza, "Baridi inakupiga wapi?"

Sisi je? Mjane anasema usingizi haupati, tunampelekea sukari na mchele, tunaweka mahali wageni wataona. Binti anarudi kwao amenyamaza, tunamshonea gauni. Mama aliyefiwa na kichanga anasema "nimechoka", tunamwombea sala ndefu, kisha tunaondoka tumeridhika. Tumeweka juu! Na akinyamaza tunamshukuru Mungu kwamba sasa amepata nafuu. Je, tuna hakika ni nafuu? Kuna watu wamenyamaza kwa sababu wamechoka kutuambia.

Sisemi tuache kutoa mablanketi. Toeni, toeni na zaidi. Ila kabla hujaliweka, inama. Ingiza mkono wako chini yake, huko ambako hakuna atakayekuona wala kukusifu, uguse mahali panapopigwa na upepo. Na kama ni lazima zawadi yako ilaliwe, ichafuke, isionekane kabisa, mwache ailalie.

Atuganile alizikwa siku ya tatu. Mvua za kwanza zilipoanza, Obadia alipanda viazi peke yake.