Mlinzi wa Ghala Aliyezidi Kukonda

Ulikuja ukame uliokausha hata mate mdomoni. Nyati waliokufa kwa kiu wakachunwa, nyama yao ikawekwa ghalani. Simba akapiga marufuku kuila mbichi: kila jioni ipikwe iive, igawiwe kuanzia watoto. Likabaki suala la mlinzi.

"Mimi hapa, Mfalme!" alisema Fisi, udenda ukimtoka.

Wanyama wakaguna. Simba, asiyekubali kuonekana hana jibu, akaamuru Fisi apimwe tumbo kwa kamba kila Ijumaa. Akinenepa, ndiye mwizi. Alijisifia hekima hiyo siku nzima.

Usiku ule ule Fisi alijifungia ghalani akala mbichi. Kesho yake akaongeza. Lakini ajabu, kamba ikazidi kulegea! Alikula mapaja, yake yakanyauka. Watoto wa Mbweha wakawa wanalala na njaa, na lawama zote za nyama iliyopungua akabebeshwa Panya.

"Tazameni uaminifu!" alinguruma Simba. "Mwenzenu anajinyima kwa ajili yenu, enyi msio na haya."

Fisi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hakuelewa kitu, ila sifa alizipokea.

Hatimaye akashindwa hata kusimama. Simba akamwita Sungura, mganga wa mwitu, mbele ya baraza.

"Pole, Bwana Fisi," alisema Sungura akimbonyeza tumbo. "Una tegu, mnyoo anayekula unachokula. Huingia kwa nyama mbichi. Dawa ninayo, ila asiyewahi kula mbichi akiinywa, hafiki jioni. Nikupe?"

Fisi alimtazama Simba, akakitazama kikombe cha dawa mkononi mwa Sungura. Aliogopa kweli, maskini.

"Nipe," alinong'ona.

"Sijasikia, Bwana."

"Nimekula mbichi! Mapaja, maini, yote! Nipe dawa, ndugu yangu, nakufa!"

Baraza likalipuka. Mama Mbweha akalia kwa hasira. Simba akakohoa kidogo.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema. "Nilikuwa namtega."

Dawa yenyewe ilikuwa mbegu za maboga zilizotwangwa, ambazo hata kitoto cha Mbweha kingezila kisidhurike. Fisi akanywa, tegu akatoka.

"Mwizi mkubwa we!" Fisi alimfokea. "Nahangaika kutafuta, wewe unakula tu!"

"Wewe umewaibia wenye ghala, mimi nimekuibia wewe," alijibu Tegu. "Haya, nishitaki."

Fisi akafukuzwa mwituni kabla jua halijazama, na hakuna aliyemsindikiza. Kikulacho ki nguoni mwako.