Ruhusa ya Mtu Mmoja Mtoni Lusyelo

Haya, kaeni. Aliyekaa vizuri asisogee, na aliyesinzia msimwamshe, maana kisa chenyewe ni cha watu waliochoka. Nitakieleza mpaka pale kilipokwama, halafu mtakikwamua ninyi.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja cha Kyela, na kila mmoja alikuwa na chake. Ambokile alikuwa na macho. Mimea ambayo wewe ungeiona ni majani tu, yeye alikuambia huu unashika udongo, huu unanyonya maji, huu hauna kazi. Subilaga alikuwa na mkono. Alichokichomeka ardhini kilishika, hata kama wewe ulikwisha kukitupa. Tumpe alikuwa na mdomo. Hapo sielezi zaidi, kila kijiji kina wake.

Kijiji kilipitiwa na mto, Lusyelo. Zamani mvua zikianza, samaki waitwao mbasa walipanda mto huo kutoka Ziwa Nyasa kuja kutaga kwenye changarawe, na kila nyumba ilinukia samaki. Kisha watu wakalima magimbi kingoni mpaka mpini wa jembe unalowa. Kingo zikabomoka, tope likafunika changarawe, na mbasa wakaacha kuja. Mtu akitaka samaki wa kumpikia mgeni, ikabidi aende kuwaomba watu wa mto mwingine, na akasimangwe kwanza.

Bwana samaki wa serikali akaja, akaitisha mkutano. Akasema samaki watarudi kama kingo zitavikwa tena mimea yake ya asili: matete, ndago, mikuyu, mizambarau ya porini. "Nani atajitolea?" Lo! Mikono ilinyooshwa, ungedhani panagawiwa sukari. Siku ya kwanza ya kazi walikuja watu tele, na ngoma juu. Siku ya pili wakaja wachache, bila ngoma. Baada ya hapo wakabaki watatu, na majina yao mmeshayasikia.

Ambokile ndiye aliyepanda mlimani kutafuta mbegu na vipandikizi, kule juu ambako jembe halijafika. Alishuka na mzigo wa ndago kichwani, matope yakimchuruzika mpaka kidevuni. Watu wakamcheka: "Kaka Ambokile, mikaratusi imejaa hapa barabarani, inaota yenyewe, unahangaika nini?" Akawajibu kwamba mikaratusi ingeunywa mto wote na samaki wangebaki kupunga mkono. Siku moja aliteleza na mzigo wake. Goti likavimba, likapungua, lakini halikurudi kama zamani. Tangu siku hiyo anashuka mlima ameshika goti kwa mkono, kama mtu anayeongoza mbuzi mkaidi. Bila macho yake, wenzake wangepanda takataka.

Subilaga ndiye aliyepanda. Alisimama majini, maji yakiwa magotini, akachomeka, akashindilia, akapalilia. Mafuriko yakazoa mstari mzima. Akapanda upya. Mafuriko yakazoa tena. Hapo alikaa chini, akautukana mto matusi ambayo siyarudii mbele ya watoto, kisha akapanda upya. Mgongo ukaanza kumdai. Akiamka asubuhi, ananyanyuka kwa awamu: kwanza kiwiko, halafu goti, halafu anavuta pumzi na kuuliza, "Hivi mimi nani kanituma?" Bila mkono wake, mzigo wote wa Ambokile ungenyauka palepale kingoni.

Tumpe ndiye aliyesema na watu. Mwenye magimbi hataki kurudi nyuma? Tumpe. Mwenye ng'ombe anawaachia wanywe popote? Tumpe. Na ile Jumamosi ya usafi, kijiji kizima kilipoteremka na mafyekeo kwenda kusafisha mto, maana matete na ndago machoni pao vilikuwa pori tu, nani alikimbia kanga ikimvuka?

"Pori gani hili, nyoka si watazaa humu!" walisema, na kipande kizuri cha matete kilikuwa kimeshalala.

"Nifyekeni na mimi basi!" Tumpe akajibwaga katikati ya matete yaliyobaki. "Si na mimi nimeota hapahapa!"

Hawakumfyeka. Lakini hawakumsamehe pia. Mama mkwe wake alipofariki, wanawake walichelewa kuja msibani, na Tumpe alijitekea mwenyewe maji ya kupikia waombolezaji. Anayejua msiba wa kule ni nini, ataelewa kwamba jambo hilo lilimuuma kuliko goti na mgongo. Bila mdomo wake, mimea ingefyekwa au ingeliwa.

Sasa sikilizeni ya Subilaga, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanzisha mtanziko huu. Binti yake Atupele ameolewa Tunduma. Alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kabla zilikuwa zimeharibika. Akapiga simu. "Mama, safari hii njoo uwepo. Naogopa."

"Utajifungua lini, mwanangu?"

"Masika, mama. Katikati ya masika."

Subilaga akapiga hesabu. Masika ndipo mto unapopandisha hasira, ndipo mche usiposhikiliwa unapokwenda na maji. Akasema, "Nitakuja." Akaikata simu na kubaki kuitazama mikono yake iliyopasukapasuka.

Mvua za kwanza zikanyesha. Subilaga alikuwa anaosha jembe lake pale ambapo mkuyu umeanza kutoa kivuli, akaona kitu kimemeta. Akadhani ni kipande cha bati. Kikageuka. Mbasa! Na nyuma yake mwingine, na wengine, wakijisugua kwenye changarawe safi. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Yeye alikaa kwenye tope akalia, na hakuwa analia kwa furaha tu. Alikuwa amechoka, jamani. Kuchoka kumemfika kooni.

Mkutano ukaitishwa, ngoma ikarudi. Mwenyekiti akawasimamisha wote watatu mbele, watu wakawapigia makofi ya kilo. "Semeni wenyewe, tuwape zawadi gani?"

Subilaga akasema, "Mwenyekiti, mimi naomba ruhusa. Nikawe na mwanangu akijifungua."

"Na mimi naomba ruhusa," akasema Ambokile. "Daktari amesema nikiendelea kupanda mlima, goti hili sitalitumia tena."

Tumpe, ambaye hakuwahi kukosa neno, alilitafuta safari hii. "Na mimi. Nataka nipite njiani nisalimiwe."

Bwana samaki akakuna kichwa. Akasema mizizi bado michanga, masika haya yasipopata watu wa kusimama na mimea, tope litarudi juu ya mayai ya mbasa, na safari hii wakiondoka wameondoka. Wasipobaki angalau watu wawili mtoni, haitawezekana.

"Nani atawapokea hawa kazi?" mwenyekiti akauliza.

Weee! Mikono ileile iliyonyooshwa siku ile ilikuwa mifukoni na ndani ya kanga. Mmoja akawa anachunguza kandambili yake kana kwamba ameiona leo. Mwishowe sauti ikatoka nyuma: "Lakini hao si wameshazoea?"

Basi mkutano ukakata shauri kwamba ruhusa itatolewa, ila kwa mtu mmoja tu.

Najua kuna mjuaji atakayesema, kazi yenyewe ya kujitolea, Subilaga aondoke tu, nani kamfunga kamba? Haya. Aondoke. Lakini kila mvua itakayonyesha Tunduma, atausikia mto. Na akibaki, Atupele ataita mama na mama hatakuwepo. Subilaga aliwatazama wenzake. Akaliona goti la Ambokile. Akauona uso wa Tumpe. Alitaka kusema "nipeni mimi," na mdomo haukufunguka. Ambokile naye hakusema. Hata Tumpe hakusema.

Hapo ndipo kilipokwama. Wingu limeshatua mlimani, mwenyekiti anasubiri jibu, na simu inaita mfukoni mwa Subilaga.

Aliyeijua mimea, aliyeipanda, aliyeilinda: je, wewe ungempa nani ruhusa hiyo? Na wewe unayetikisa kichwa pale, unayenong'ona kwamba wote watatu wanastahili kupumzika, nakuuliza hivi: jembe lako liko wapi?